Chinsaga ya Mzazi

Pale soko la Keumbu, ukitaka kumchokoza Esnah, mwambie chinsaga ni magugu. Lo! Utahubiriwa mpaka ukome. Mboga hiyo chungu, ambayo wengine huiita mgagani, hujiotea kandokando ya mahindi, naye huichuma kwa mikono yake. Atakwambia ina madini ya chuma, inaongeza damu, inalainisha choo, na mzazi akiila, maziwa hayabembelezwi. Wala hadanganyi. Yeye mwenyewe ndiyo iliyomwinua uzazini.

Basi Nyanchera, mke wa mwanawe Ogari, aliporudi nyumbani na kichanga, Esnah aliichemsha, akamwaga maji machungu, akaiunga kwa maziwa ikalala chunguni mpaka ikalainika. Asubuhi Nyanchera alikula bakuli zima. Mara jasho likaanza kumtoka, macho yakawa mazito.

"Mama, nasikia baridi."

"Inafanya kazi hiyo, mwanangu. Jasho ni uchafu unatoka. Ongeza kidogo."

Jirani yao Gladys, aliyekuja kumwona mtoto, hakuridhika. "Mama Ogari, mbona midomo yake imekuwa myeupe?"

"Si ndiyo maana anakula chinsaga?" Esnah akamfokea. Kusema kweli alikuwa ameshaingiwa na hofu, na hofu yake ilitoka kwa ukali. Kijiko kikamponyoka Nyanchera. Esnah akainama kukiokota, na hapo ndipo alipoiona damu: imepenya shuka, imepenya godoro, inatona sakafuni.

Uwii! Alipiga ukemi, wanaume wa boma wakaja mbio. Nyanchera akabebwa kwa blanketi hadi barabarani, lori la majani chai likasimamishwa. Njia nzima Esnah alimpigapiga mashavu. "Usilale! Nakuomba, usilale!" Alijiona muuaji mwenye mwiko mkononi.

Hospitalini Nyanchera alizuiwa damu, akaongezewa nyingine, akapona. Muuguzi akasema chinsaga apikiwe tu, ni chakula kizuri cha kurudisha nguvu.

Esnah bado anaiuza. Juzi mama mmoja aliinua fungu, akasema binti yake amejifungua jana. "Hii kweli inarudisha damu?"

"Inarudisha," Esnah akasema, kisha akalichukua lile fungu mkononi mwa mteja na kulirudisha mezani. "Lakini kwanza nenda ukamfunue shuka uangalie. Mboga utaikuta hapa hapa."