Mguu Wangu Mwema na Mguu wa Aako Bura

Nilipokuwa mtoto wa kung'oka meno ya mbele, mguu wangu ulikuwa mali ya majirani wote. Kisa chenyewe ni kwamba mjomba alikutana nami mlangoni asubuhi moja akienda kutafuta ng'ombe aliyepotea, akamkuta bondeni, tena na ndama. Basi ikatangazwa kijijini kwetu Endamarariek kwamba yule binti ana mguu mwema. Tangu hapo hakuna aliyefunga safari bila kutaka niwe mtu wa kwanza kukutana naye njiani. Niliamshwa katika baridi ya Julai, ukungu ukiingia mpaka ndani ya blanketi, nikasimamishwa nje nikitetemeka ili mtu akauze mbuzi wake.

Aako Bura alikuwa kinyume changu. Aako ndivyo sisi Wairaqw tunavyomwita babu, ingawa huyu alikuwa jirani tu, mzee aliyefiwa na mkewe na kubaki peke yake. Yeye alikuwa na mguu mbaya. Ukikutana naye kabla jua halijapanda, rudi ukalale, safari imekufa. Kwa hiyo kila usiku wa kuamkia safari, Bibi yangu alimpelekea kibuyu cha maziwa kumwomba asitoke mapema. Aako alikipokea kwa mikono miwili. Sijamwona mtu mwingine aliyelipwa kwa kulala.

Saba Saba moja, miaka michache baada ya Uhuru, mwenye duka alijitolea kutupeleka Karatu mjini kwa lori lake. Huko kungekuwa na ngoma, mbio za magunia, na soda. Soda! Nilikuwa sijawahi kuionja, na wiki nzima sikuwa na mazungumzo mengine.

Alfajiri Bibi akanisimamisha njia panda. "Kaa hapa, mjukuu wangu, wote wapite kwako. Wakiisha, ukapande lori."

Wakapita, wengine wakinishika kichwa kana kwamba bahati imeota kwenye nywele. Mke wa mjomba akatuma neno nimsubiri, bado anatafuta kiatu cha pili. Nikamsubiri. Kumbe alipokipata alikatiza shambani kwa haraka zake, akanisahau. Nikasikia honi, kisha mngurumo wa lori ukienda zake. Baadaye niliambiwa Bibi aliuliza kama nimo, na kila aliyeulizwa alijibu, "Nimekutana naye."

Nilikaa chini nikalia kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Ndipo Aako Bura akatokea, amevaa koti lake kuukuu la jeshi, akiamini njia imebaki tupu. Aliponiona akajifunika uso kwa kofia haraka.

"Nani huyo? Unasafiri?"

"Nimeachwa. Shikamoo, Aako."

Akateremsha kofia polepole. "Marahaba, mjukuu. Na mimi nakwenda huko huko. Futa kamasi twende."

Njiani nikamuuliza, bila adabu hata kidogo, kama ni kweli ana mkosi.

"Sijui," akasema. "Mimi sijawahi kukutana na mimi asubuhi."

Nilicheka mpaka nikajikwaa. Tulipokwenda kidogo akaongeza, akitazama mbele, "Lakini tangu mke wangu afariki, wewe ndiye wa kwanza kunisalimia saa hizi." Nikamshika mkono.

Hatukufika mbali tukalikuta lori. Gurudumu la nyuma limezama katika shimo la mhanga, yule mnyama anayechimba usiku, abiria wote wamesimama kando. Walipotuona walichanganyikiwa kabisa: mimi walitaka kunitazama, yeye walitaka kumkwepa, na sisi tumeshikana mikono. Wengine walifumba jicho moja.

"Mtoto atangulie!" Bibi akapiga kelele. "Wewe Bura, simama hapo hapo!"

"Gari limeshazama," Aako akajibu. "Mnaogopa nini tena?"

Mwenye duka alicheka akashika tumbo. Aako akavua koti, akaweka bega, wanaume wakaona haya wakamfuata, na lori likatoka. Mpaka Karatu watu walibishana kama kilicholitoa ni mguu wangu au bega lake. Bibi alishikilia mguu. Soda niliipata, ilinipalia ikatokea puani, na nilifurahi kuliko wote uwanjani.

Aako Bura alifariki nikiwa nimeshaolewa, siku ambazo nilikuwa nimekuja kumsalimia Bibi. Bibi aliniamsha kungali giza, akashika mkongojo tukatoka kwenda msibani. Nikalalamika, mbona mapema hivyo, hata wachimba kaburi hawajaamka.

"Unajua nani alisema Bura ana mguu mbaya?" akauliza.

"Nani?"

"Mimi. Babu yako alifariki usiku; asubuhi nilipofungua mlango nikakutana naye yeye."

"Alikuwa anakwenda wapi?"

"Alikuwa anakuja kwetu. Ana jembe. Amekuja kuchimba kaburi, na hakuna jirani mwingine aliyekuwa ameamka."

Nilimkasirikia sana Bibi pale njiani, na papo hapo nikamwonea huruma, kwa sababu nilimwona akiwa mjane kijana amesimama mlangoni, anatafuta mtu wa kumlaumu na aliye mbele yake ni mmoja tu. Nilimshika mkono kwenye tope, naye akaongeza mwendo, akihofia wengine wasije wakatutangulia kufika kwa Bura.