Mkono wa Kushoto Hauinui Pasi, Mbona Nao Umevimba?

Saa moja kasoro asubuhi, mwanamke wa miaka arobaini na sita anasukuma mlango wa duka la dobi kwa kiwiko. Vidole vyake havijaamka. Plagi ya pasi anaibana kwa viganja viwili mpaka inaingia, kisha anakaa kwenye stuli na kuanza kuvikunja vidole, kimoja kimoja, akikunja na uso.

Wateja humwita Mama Mistari, kwa jinsi mistari ya suruali anazonyoosha inavyosimama hadi jioni. Miaka kumi na tisa yuko kwenye meza hii. Zamani alimaliza mashati sitini kwa siku. Sasa akifikisha thelathini anamshukuru Mungu.

"Vinakaza saa nzima na zaidi," anamwambia mwandishi wetu. "Nikishaanza kunyoosha nguo, vinalegea. Hebu niambie wewe uliyesoma, kazi inayoniua ndiyo hiyo hiyo inayoniponya? Mimi kichwa kinanizunguka."

Hakukosa washauri. Wapiga pasi wengi huogopa maji baridi. Husema mkono uliotoka kwenye pasi ukiyagusa, viungo vinaharibika. Mama Mistari alilishika sharti hilo kama dini. Mwaka mzima, akishazima pasi, hakunawa mpaka kesho yake. Akawa anakula kwa kijiko, na vyombo akamwachia binti yake.

"Hata mvua niliikimbia, jamani! Na bado."

Mumewe akapiga meza: apumzike. Akakaa nyumbani wiki mbili, wifi yake akimshikia kazi. Loo, makubwa! Vidole vikazidi kuvimba, asubuhi hata kifungo cha gauni akafungwa kama mtoto.

Kilichomchanganya kuliko vyote ni mkono wa kushoto. "Huu ni wa kutandaza kitambaa tu, hauinui kitu," anasema, akiipanga mikono yote miwili mezani tuione. Vifundo vilivyotuna ni vilevile, kulia na kushoto.

Mwenye duka naye uvumilivu ukamwishia. "Dada yangu, nakuheshimu, lakini nguo za watu zinalala hapa. Mwisho wa mwezi uniambie, unabaki au unamwachia wifi yako."

Hofu ya kuipoteza meza ndiyo iliyompeleka kliniki. Daktari, msichana wa umri wa kuwa mwanawe, hakuuliza habari ya pasi wala maji. Aliuliza asubuhi vidole hukaza kwa muda gani, akaviminya vifundo vya mikono yote miwili kwa pamoja, akaagiza vipimo vya damu. Jibu likarudi: baridi yabisi.

"Mama, kiungo ni mahali mifupa inapokutana," daktari alimweleza. "Ncha zake zimefunikwa na gegedu, ule mfupa laini, na kuna utando unaotoa ute ili zisisagane. Kinga ya mwili wako imekosea, inaushambulia huo utando. Kinga huzunguka mwili mzima, ndiyo maana pande zote mbili zimevimba, na vidole hukaza vikitulia, hulegea vikitumika. Pasi haikukuletea ugonjwa huu, wala maji."

"Kwa hiyo sikukosea popote?"

"Hukukosea, mama."

Afurahi au alie, hakujua. Akalia kwanza. "Pasi nimeitukana mwaka mzima bure," anasema. "Sasa nimtukane nani? Mwili wangu mwenyewe?"

Kazi ameruhusiwa, ila kwa pasi nyepesi, na mkono ukivimba aupumzishe. Anameza vidonge mara moja kwa wiki na kurudi kupima damu. Nafuu, aliambiwa, huenda ikachukua miezi mitatu.

Mwenye duka, alipoelezwa hayo, amempa miwili.

"Huo wa tatu nitautoa wapi?" anauliza, na hapo anacheka kidogo. Wifi yake, ambaye siku hizi hunyoosha zamu ya mchana, amemwambia asihangaike, mwezi huo atamshikia meza kisha amrudishie.

"Nilimtazama usoni, sikuelewa kama ananishikia au ananirithi. Usiku kucha nimegeukageuka kitandani." Anaigusa pasi kwa haraka kuona kama imepata moto, anavuta shati la kwanza. "Nimeamua kumwamini. Na vidonge nitavimeza hivyo hivyo, navyo sivielewi. Mwaka mzima nilikuwa na uhakika, baba. Uhakika huo umenifikisha wapi?"