Mama Feni na Mbio za Kadi Mbili

Saa nne asubuhi, mlango wa duka umefungwa nusu ili jua lisipige kwenye skrini. Mama Feni ameinama juu ya kompyuta mbili zilizofunguliwa ubavu, sikio lake likiwa karibu kugusa feni ya kadi ya grafiki. Wateja wanaomfahamu wamenyamaza ili asikie.

"Hii haikohoi," anasema hatimaye, akinyanyuka huku ameshika kiuno. "Tuanze."

Kadi ya grafiki ndicho kifaa kinachoipa kompyuta nguvu ya kuchora picha, kuendesha michezo na kutengeneza video. Mama Feni, mwenye umri wa miaka hamsini na mbili, huuza zilizokwisha kutumika, kwa karibu theluthi ya bei ya mpya. Husafisha vumbi, hubadilisha dawa ya kupitisha joto, kisha husikiliza feni. Jina alipewa na wateja. Mumewe akitaka kumchokoza, humwita hivyo hata nyumbani.

Upande wa pili wa duka hilohilo anauza mdogo wake. Yeye huuza kadi mpya, na kwa kuwa hafungui kitu ila kadi moja ya majaribio, watu humwita Boksi. Hakuna ukuta kati yao. Duka lilikuwa la baba yao, fundi wa redio, ambaye hakupokea malipo kabla mwenye redio hajaisikia ikiimba. Mabinti wameendelea na sharti hilo: mteja akisitasita kati ya kadi ya zamani na mpya, kazi yake mwenyewe huendeshwa kwenye zote mbili, kwa kompyuta zinazolingana, mbele ya kila aliyepo.

Leo anayesitasita ni mwenye studio ya video za harusi. Anataka kadi sita. Kwa Mama Feni, hayo ni mauzo ya miezi miwili.

"Niambieni ukweli, dada zangu," anasema mwenye studio. "Namba za kwenye maboksi zimenichanganya."

"Namba zenyewe si ngumu," anajibu Mama Feni. "Zote mbili zina kumbukumbu ya gigabaiti nane. Lakini njia ya kupitisha data kwenye yangu ina upana wa biti mia mbili hamsini na sita. Ya huyu ni mia na ishirini na nane. Nusu! Yangu barabara kuu, yake kichochoro."

Boksi anacheka bila kuinua macho kutoka kwenye simu. "Kichochoro, sawa. Ila yangu ina ghala kubwa la data ndani kwa ndani, dada. Mzigo mwingi tayari uko nyumbani. Wewe kila kitu mpaka utume lori."

"Lori langu linafika."

"Linafika limekunywa wati mia na themanini. Langu mia na kumi na tano. Mwulize kaka hapa nani atalipa umeme."

Mama Feni ndiye aliyefunga kadi zote mbili, kwa sababu Boksi alikuwa akihudumia mteja mwingine. Video ya dakika ishirini, yenye mapambo mengi, inaanza kupikwa. Ndivyo watu wa studio wanavyoita kukusanya vipande vyote viwe faili moja. Watu wanasogea. Muuza chaja wa mlango wa pili anaacha meza yake na kuja kushabikia.

Kadi ya zamani inamaliza kwa dakika kumi na moja. Mpya inachukua kumi na nne.

"Kichochoro kimejaa foleni!" anapiga kelele muuza chaja, na watu wanaangua kicheko. Boksi amekunja uso. Mwenye studio ameshatoa simu ili alipe.

Kwa mazoea tu, Mama Feni anainama kusikiliza feni ya kadi iliyoshindwa. Inazunguka polepole, kama ya mashine iliyokuwa imepumzika. Anaigusa. Haina hata joto la maana.

Kadi iliyofanya kazi kwa dakika kumi na nne hutoka jasho. Anachukua tochi, anamulika ndani, na anaona. Wakati wa kufunga alitaka nafasi ya kupitisha mkono, akaichomeka kadi mpya kwenye tundu la chini kati ya mawili yaliyomo. Kwa macho, tundu hilo lina urefu sawa na la juu. Tofauti ni kwamba la juu lina njia kumi na sita za data, na la chini lina nne tu, tena za mwendo mdogo. Kadi mpya, inayotumia njia nane, ilikuwa ikikaa bure kusubiri kazi.

Hakuna mwingine aliyeona. Boksi yuko upande wake, anapanga maboksi yasiyohitaji kupangwa.

"Kaka, rudisha simu mfukoni," anasema Mama Feni. "Nimekosea kufunga. Mbio hizi hazihesabiwi."

"Dada, umeshinda bwana!" muuza chaja analalamika.

"Nimeshinda nini? Nimemfunga mtu miguu halafu nikamwambia tukimbie."

Anaihamishia kadi kwenye tundu la juu, anakaza skrubu, anabonyeza. Safari hii feni inavuma mpaka mwisho. Dakika saba na nusu.

Mwenye studio ananunua kadi sita mpya. Boksi anahesabu maboksi mara mbili, na anapofika la mwisho anamtazama dada yake. "Ungenyamaza, nisingejua kamwe."

"Ningejua mimi. Halafu wateja wangu wananijia kwa sikio hili. Likianza kuchagua cha kusikia, nitauza nini?"

Kisha anamgeukia mwenye studio, akifuta mikono kwa kitambaa. "Na zile sita unazotoa kwenye mashine zako, utazipeleka wapi?"

Mtu huyo hakuwa amefikiria hilo. Ni kadi za gigabaiti nne, zimechoka kwa video lakini zinatosha kabisa kwa mwanafunzi wa uchoraji wa majengo. Wanapatana papo hapo.

"Mnaona?" Boksi anawaambia waliobaki. "Kila ninachouza mimi kinazaa cha kuuza yeye. Ameshindwa huku anakusanya mali."

Mama Feni anacheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mpango wake sasa ni meza ya kioo itakayowekwa mlangoni, na kompyuta mbili za kudumu, tundu la chini la kila moja likiwa limezibwa kwa gundi. Kufikia mchana, seremala ameshapima. Boksi amekubali kulipa nusu.

"Anayepita aone mwenyewe," anasema. "Siku yangu ikiwa ya kushinda, nishinde kila mtu akiona. Na ikiwa ya kushindwa, basi."

Jioni kadi ya kwanza kati ya zile sita inaletwa, imejaa vumbi. Anaipulizia, anaiwasha, anainama. Muuza chaja anazima redio yake bila kuambiwa.