Bunduki Iliyokuwa Ikilishwa

Niliporudi kutoka vita vya Burma nilikuwa na ufundi mmoja tu niliouamini: mbao za bunduki. Jeshini waliniweka karakana ya silaha. Nikarudi kwetu Shinyanga, nikakaa miezi michache, kisha mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita ukaniajiri useremala. Saa za kazi nilikata magogo ya kuegemeza mashimo. Saa zangu mwenyewe niliwakatia watu bunduki.

Wakati ule bunduki kuukuu za jeshi zilikuwa zinauzwa, na wenye leseni walizileta kwangu: ndefu, nzito, mbao imefunika mtutu hadi karibu na mdomo. Mwindaji hataki mzigo ule. Napunguza mbao, nafupisha mtutu, napiga msasa, anaondoka na kitu chepesi. Sikuzionea huruma. Nikifungua bati la kitako sikosi kukuta kitu: punje za mtama, barua ya lugha nisiyoijua, mara moja jino la mtu. Nilipenda kuwaambia watu kwamba bunduki ikikatwa inasahau, wakacheka. Ukweli ni kwamba zikiwa nzima nilikuwa naziogopa.

Adui yangu katika jambo hili alikuwa mhandisi wa mgodi, Mzungu aliyetundika bunduki kuukuu ukutani kwake kama sahani. Kwake bunduki ilikuwa na thamani ikiwa vile ilivyotoka kiwandani, namba zake zote na mbao yake ileile. Ikiguswa na msumeno, basi, ni kuni. Alinifokea, nami nikamjibu, mpaka watu wakatuzoea. Nilimwona mwendawazimu, maana analalaje chumba kimoja na silaha za watu waliokufa?

Siku moja, saa saba mchana, kinu cha kuponda mawe kilikuwa kimesimama na wachimbaji wamekaa uani kula. Mama mmoja mtu mzima aliingia karakana, amejitwisha kitu kirefu kilichofungwa kaniki.

"Shikamoo, mayu," nikamwamkia, kama tunavyowaita mama zetu Usukumani.

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Wewe ndiye unayekata bunduki?"

Akafungua kaniki. Ilikuwa bunduki ya Mjerumani, ya vita vile vya kwanza. Alitoka nayo kijijini Kharumwa, na alinieleza habari yake akiwa amesimama, maana alikataa kiti. Mumewe alikuwa askari wa Mjerumani. Aliondoka na bunduki hii, hakurudi. Mwenzake ndiye aliyeileta, ameificha ndani ya mzigo wa nyasi, akamwambia: mumeo tumemzika kusini, mbali, lakini nilimnyoa nywele nikazitia humu kitakoni, nikaziba kwa nta. Usifungue.

Toka siku hiyo bunduki ikawa kaburi lake. Kila mavuno na kila mtoto alipougua, alikimiminia kitako pombe ya mtama, akakiwekea ugali na kumwita mumewe kwa jina. Sasa mwanawe, aliyeiandikisha bomani, alikuwa ameahidiwa na mhandisi wetu bunduki mpya ya kuwindia kwa kubadilishana na hii, mradi iwe nzima. Angeipeleka Jumamosi.

"Kata mbele," akasema. "Nyuma usiguse. Ikikatwa Mzungu hataitaka, itabaki nyumbani."

"Na mwanao?"

"Atakasirika, kisha atapoa. Lakini baba yake akitundikwa ukutani kule, nani atamlisha?"

Nakiri kwamba nilifurahi. Nilimhurumia, ndiyo, lakini kilichonipeleka mbio kwenye msumeno ni kumkomoa mhandisi.

Kitako kilikuwa cheusi, kinanata, kinanuka pombe chachu. Nilikibana kwenye jiliwa nikaanza. Kila nilipovuta msumeno mama yule alijishika ubavu. Kipande cha mbao ya mbele kikaanguka. Nilitaka kuufikia mtutu, bunduki ikacheza kidogo, nikakaza jiliwa. Nikakaza tena. Mbao iliyolowa pombe miaka yote ile ilikuwa imeoza ndani, na mimi fundi mzima sikuipima. Kitako kikapasuka kwa urefu, nta ikamwagika mezani vipande vipande, na katikati ya nta kukawa na nywele.

Nilitarajia nywele za mwanamume, fupi, zilizogeuka vumbi. Ulikuwa msuko, mrefu kama kidole, mweusi, unang'aa, umefungwa uzi wa shanga za buluu na moja nyekundu.

Mama yule aliinamia meza. Kisha akasema polepole, "Uzi huu nimeusokota mimi."

Akanieleza: siku mumewe anaondoka, yeye alijikata msuko wake mmoja, akaufunga kwa shanga zake na kumpa, ili akumbuke njia ya kwake. Yule mwenzake sijui alidanganya kwa huruma, au aliambiwa kitakoni mna nywele akajazia mengine. Mumewe hakuwa humo, na hakuwahi kuwamo.

"Sasa niliyekuwa nikimlisha ni nani?"

Nilijua jibu. Kwetu mtu hutambikiwa akishakufa. Ukimtambikia aliye hai umemwandika miongoni mwa waliokwenda. Yeye alikuwa amemimina pombe juu ya nywele zake mwenyewe tangu ujana wake.

"Ndiyo maana," akasema, "kuku hawanipishi njia. Ndiyo maana kisimani nasalimu mara mbili ndipo waniitikie." Alisema kwa sauti ya mtu aliyepata hesabu iliyomshinda siku nyingi.

Nikaanza kubwabwaja: nina gundi, nina bati, nitaiunga, hakuna atakayejua. Hakunisikiliza. Akaninyooshea mkono. "Nishike. Nina joto?"

Nikaushika. Ulikuwa mkono mkavu wa mkulima, wenye joto. "Una joto, mayu. Wallahi una joto."

Alinitazama kama anayemsikiliza mtoto akisema uongo. Akauvuta mkono wake, akaiacha bunduki kwenye jiliwa na nywele mezani, akatoka uani. Nikiwa mlangoni nilimwona akipita kwa wachimbaji, mmoja baada ya mwingine, akimnyooshea kila mmoja mkono. Wengi walikuwa wameshika ugali, hawakumpa mkono.