CS ni Kesho Asubuhi

Wiki aliyozaliwa binti yangu, nililazwa katika hospitali moja mjini Nakuru kwa sababu ya presha. Mimba ilikuwa bado haijatimiza siku zake. Nilikuwa nimeenda kliniki ya kawaida tu. Nesi akanifunga kile kitambaa mkononi, akatazama mashine, akakihamishia mkono wa pili, kisha akaniambia nisitoke hapo kitini. Jioni daktari akaja, kijana mpole mwenye sauti ya chini. Alisoma faili yangu akiwa amesimama.

"Mama, tutakufanyia CS kesho asubuhi," alisema. "Tusingoje."

Nilimwelewa vizuri. Katika wodi ya wazazi hakuna anayehitaji kuelezwa kwamba CS ni kupasuliwa ili mtoto atolewe. Nilimpigia mume wangu, mwalimu wa sekondari, naye akampigia mama. Mama alikuwa Naivasha, mtaa wa Kihoto, akimsaidia dada yangu kuhamisha vitu baada ya maji ya ziwa kuingia ndani ya nyumba. Akabaki baba, ambaye alikuwa peke yake nyumbani Mau Narok. Kwetu huko mtandao ni wa kubahatisha, kwa hivyo nilimwandikia ujumbe mfupi: "Baba, CS ni kesho asubuhi. Kama unaweza, uje mapema. Usitangazie watu wengi."

Hilo la mwisho niliongeza kwa kuwa nawajua watu wa kanisa letu. Wangeambiwa, simu yangu isingenyamaza mpaka asubuhi.

Sasa lazima nieleze baba alikuwa akipigania nini wakati ule. Yeye ni mkulima wa viazi, na ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa pale kwetu. Walikuwa wamechoshwa na lumbesi, yaani lile gunia linalojazwa mpaka mdomoni, halafu likashonewa wavu juu lijazwe tena kama kilima, na mkulima akalipwa kana kwamba ni gunia la kawaida. Mimi ni karani katika ofisi moja ya kilimo Nakuru. Basi kila nikienda nyumbani, hata kabla sijanawa mikono, baba aliniuliza waziri atakuja lini. Ila hakusema waziri. Tangu katiba mpya, redioni, sokoni na hata kanisani, waziri wa serikali anaitwa CS. Mwezi ule ule ofisini kulikuwa na tetesi kwamba CS angepitia upande wetu, nami nilikuwa nimemwahidi baba kwamba nikisikia siku, nitamwambia.

Jibu lake liliingia nikiwa nimeanza kusinzia. "Sawa. Tutakuja watatu. Waambie watuweke wa kwanza."

Nilidhani hao watatu ni yeye, shangazi na labda jirani mmoja. Na hilo la kuwekwa wa kwanza lilinigusa moyo, maana nilifikiri anaogopa nisije nikangojeshwa nje ya thieta nikiwa na presha. Asubuhi nilimwomba nesi kama ningeweza kutangulia. Alinitazama, akasema kwamba kwa presha yangu hiyo mimi ndiye wa kwanza hata bila kuomba.

Walinichoma sindano ya mgongo, miguu ikaaga. Walitundika kitambaa cha kijani mbele ya kifua changu nisione, lakini masikio yalibaki kuwa yangu. Nilisikia vyuma vikigusana. Daktari alimuuliza mwenzake kama mvua ilinyesha upande wa Njoro. Halafu nikasikia kuvutwa, bila uchungu wowote, kama mtu anayetafuta kitu kilichozama chini kabisa ya begi. Niliogopa, ndiyo, lakini zaidi nilitamani kitambaa kile kiteremshwe kidogo nione. Nilimuuliza mtu wa dawa ya ganzi walikuwa wamefika wapi. Akacheka, akaniambia nitulie.

Yaliyokuwa yakitokea nje niliyapata baadaye kutoka kwa mume wangu na mama, na kila mmoja aliyasimulia kwa namna yake.

Baba alikuwa amefika Nakuru mapema, kwa pikapu ya mkulima mwenzake. Wa tatu alikuwa mzee mmoja jirani yetu, polisi mstaafu, ambaye kikundi humtuma kila mahali panapohitaji mtu wa kusimama wima na kuongea kwa ufupi. Wote walikuwa wamevaa suti. Nyuma ya pikapu walikuwa na lumbesi moja nzima, wavu na yote, ili waziri aione kwa macho yake. Walienda moja kwa moja ofisini kwetu, wakakuta geti limefungwa. Baba akapiga simu yangu, na aliyeipokea ni mume wangu, aliyekuwa amekaa kwenye benchi nje ya thieta.

"Yuko ndani saa hii," mume wangu alimwambia.

"Ndani na CS?"

"Ndiyo baba, CS imeanza."

Kwetu bara hatuhangaiki sana na ngeli, kwa hivyo hilo neno "imeanza" halikumshtua baba hata kidogo. Kilichomuuma ni kingine.

"Imeanza bila sisi?"

 Mume wangu alimwomba msamaha, akamwambia kwamba daktari hakutaka kungoja, na kwamba waje hospitali tu. Baba akawageukia wenzake akawaeleza kwamba CS anakagua hospitali, na kama wangefanya haraka wangemkuta akitoka.

Bawabu wa hospitali alikataa katakata lumbesi isiingie. Ikabidi mwenye pikapu abaki nayo getini, na wale wengine wawili wakaingia, baba akiwa ameshika bahasha yenye malalamiko ya kikundi. Waliuliza CS yuko wapi. Kila waliyemuuliza, bila kusita, aliwaonyesha upande wa wodi ya wazazi. Baba aliniambia baadaye kwamba njiani alianza kuona ajabu kidogo, kwa sababu hakukuwa na gari lenye bendera wala askari hata mmoja, na akina mama waliokuwa wakipita kwenye baraza walitembea polepole wakiwa wameshika tumbo.

Mama aliwasili kutoka Naivasha wakati huo huo, kanga yake ikiwa bado na tope la Kihoto. Yeye alidhani baba anajua kila kitu, kwa kuwa nilimwambia mume wangu kwamba nimemwandikia. Alipomwona amesimama mlangoni mwa wodi katika suti yake ya harusi za watu, alifurahi, akafikiri ni heshima ya kumpokea mjukuu.

"Bado hajatoka?" mama aliuliza.

"Tumeambiwa yuko ndani," baba akajibu. "Lakini watu wake wako wapi?"

"Watu wa nani?"

"Wa CS."

Mama alimtazama, akaitazama ile bahasha, akaelewa kabla yeye hajaelewa. Hakucheka. Alimshika mkono akamwambia, "Baba yao, ni msichana wako. Wanampasua."

Mume wangu anasema hajawahi kumwona baba akiwa vile. Alikaa kwenye benchi kama mtu aliyesukumwa. Mdogo wake wa kike alifariki akijifungua, miaka ambayo barabara ya kushuka kutoka Mau Narok ilikuwa haipitiki mvua ikinyesha, na kwa baba mtu kupasuliwa wakati wa kuzaa ni habari inayoletwa nyumbani pamoja na mwili. Aliuliza kama niliamka nikiwa na nguvu. Aliuliza nani alitia sahihi. Kisha akampa mume wangu ile bahasha amshikie, akavua kofia, akainamisha kichwa. Yule polisi mstaafu angeweza kwenda zake, kwa kuwa shughuli iliyomleta haikuwepo. Alikaa kando ya baba, mabega yakigusana.

Nesi alipotoka na mtoto, mama alimpokea, akamfunua uso, akamkabidhi baba. Binti yangu alikuwa mdogo lakini sauti yake ilikuwa kubwa. Nesi akasema mama yake pia ni mzima. Baba hakuamini mpaka nilipopitishwa pale kwenye kitanda cha magurudumu na kumsalimia.

"Baba, umekuja," nikasema.

"Nimekuja," akajibu.

Mchana waliniruhusu wageni, ndipo nikaambiwa. Nilijaribu kucheka, mshono ukanikataza. Yule polisi mstaafu alisimama miguuni pa kitanda changu na kusema kwamba na yeye hakuwa ameelewa kitu tangu mwanzo. Katika kazi yao, CS ilikuwa moshi wa kutoa machozi, hilo ndilo jina lake tangu siku alizokuwa kuruta. Baba alipompigia usiku kumwambia ajiandae kwa CS, alilala akijiuliza wakulima wa viazi wanataka moshi wa nini, na asubuhi akatia kitambaa kikubwa mfukoni. Alikitoa akatuonyesha. Kilikuwa kimepigwa pasi.

Hapo ndipo nilianza kuuliza watu. Sikuwa na kazi nyingine kitandani zaidi ya kunyonyesha. Mume wangu alikumbuka kwamba chuoni somo lake la kompyuta liliandikwa CS kwenye ratiba, na kwa miaka yote ile hakuwahi kufikiria maana nyingine. Jirani yangu wa kitanda, msichana wa Karagita anayefanya kazi katika shamba la maua, alisema kwao CS ni chumba cha baridi, kile ambamo maua huwekwa kabla ya kusafirishwa. Alikuwa amefanya kazi humo, amevaa koti zito juu ya tumbo, mpaka msimamizi alipomwonea huruma na kumhamishia upande wa kufunga.

"Sasa nikaambiwa naenda CS," akasema, "nikauliza kwani nirudi kazini?"

Daktari mwenyewe alidhani anatania. Nilimuuliza baridi ya huko ikoje. Akasema masikio ndiyo yanayoumia kwanza, na kwamba ukitoka nje jua la Naivasha linakupiga kama umefunguliwa mlango wa jiko. Nilipenda kumsikiliza. Niliona herufi mbili tu zimetufungulia maisha ambayo hatungeulizana, na nikaanza kumngojea kila mtu aliyeingia wodini nimuulize.

Halafu mshono wangu ukaanza kuuma kwa namna nyingine. Ukawa moto, ukatoa maji yasiyo na rangi nzuri, na homa ikapanda. Daktari aliuangalia kwa muda mrefu, akamwambia nesi, "Huyu tumfanyie C na S leo."

Mama alikuwa amembeba mtoto. Nilimwona akitafuta mahali pa kumlaza.

"Daktari, mara ya pili?" akauliza. "Si mtoto alikuwa mmoja?"

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshika reli ya kitanda. Daktari alitambua alichofanya, akaketi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nimjue. Alieleza kwamba hiki ni kipimo cha maabara, hakuna kisu. Watachukua usaha kidogo kwa pamba, waupake kwenye kisahani chenye chakula cha vijidudu, wavingoje viote. Kisha wataona ni dawa gani inaviua.

Nilimuuliza kama ningeweza kuona. Alishangaa, lakini hakukataa. Majibu yalipokuwa tayari, mama wa maabara alikuja nacho kisahani mwenyewe, kimefunikwa, akakishika juu karibu na dirisha bila kuniruhusu nikiguse. Kilikuwa na ukungu mweupe kama pumzi kwenye kioo, hivyo ndivyo vijidudu vilivyokuwa kwenye mshono wangu. Juu yake kulikuwa na vipande vidogo vya karatasi, kila kimoja na dawa yake. Kuzunguka vipande vingine ukungu ulikuwa umefika mpaka ukingoni, dawa haikuvifanya chochote. Lakini kimoja kilikuwa kimezungukwa na duara safi kabisa.

"Hii ndiyo yako," akasema.

Nilianza kuchomwa dawa hiyo siku ile ile, na homa ikashuka. Mpaka leo nikifumba macho naweza kuliona lile duara.

Viazi vya lumbesi vilikuwa vimeishia hapo hospitalini siku ile ya kwanza. Mwenye pikapu hakutaka kupanda navyo tena mlima, basi wakafungua wavu pale nje ya geti na kuwagawia watu waliokuja kuwaona wagonjwa, na bawabu naye akapata wake. Waziri alikuja wiki nyingine, nikiwa bado likizo ya uzazi. Baba na wenzake walienda, wakasimama kwenye jua na umati, na bahasha ikapokelewa na msaidizi wake. Baba anasema jibu bado anangoja. Lumbesi zipo.

Mtoto alipokuwa amepata nguvu ya kushika kichwa, tulipanda naye Mau Narok. Yule polisi mstaafu alikuja kutusalimia, akakaa na kikombe chake, akaniuliza kwa uangalifu, kama mtu anayechukua maelezo ya shahidi, ilikuwaje humo ndani. Nilimweleza kuhusu kitambaa cha kijani, na kuvutwa, na mvua ya Njoro. Aliniambia mke wake amezaa watoto wao wote, na hata siku moja hakuwahi kumuuliza ilikuwaje.

Wiki iliyofuata nilimkuta mkewe kisimani, nikamsalimia.

"Wewe ndiye umemfundisha mzee maswali?" akaniuliza. Alitua mtungi wake chini, akajifunga leso vizuri. "Jana ameniuliza habari ya mtoto wetu wa kwanza. Nimemwambia yote. Chai yake imepoa, nikamwekea nyingine, nikaendelea."