Nyumbu Wasio na Sauti

Makumbusho yetu ya vita yalikuwa vyumba viwili ndani ya ghala la zamani la ushirika, mtaa wa Bagamoyo, hapa Tukuyu. Ushirika ulikufa miaka ile biashara zilipofunguliwa na marobota ya mitumba yakaanza kufumuliwa sokoni, ghala likabaki na popo. Sajini mmoja mstaafu akaliomba. Akaweka humo kofia za chuma, maganda ya risasi, chupa za maji za kijeshi na koti la askari lililoliwa na nondo, vitu alivyovipata kwa kuzunguka vijijini akiwauliza wazee wamehifadhi nini darini. Mimi nilikuwa mwalimu wa historia katika shule ya jirani. Nilikwenda siku moja kuangalia tu, nikauliza maswali mpaka akachoka.

"Mwalimu," akaniambia, "badala ya kuniuliza mimi, njoo unisaidie."

Shida yetu ilikuwa paa. Mvua ya Tukuyu kila mtu anaijua, na paa lile lilivuja kama chekecheke. Halmashauri ilisema haina fungu, tujitegemee. Basi tukawa tunaita watu Jumamosi mchana: mzee aliyewahi kwenda vitani anazungumza, watu wanauliza maswali, kisha unafuata mnada. Jogoo ananunuliwa, mnunuzi anamrudisha, ananadiwa tena. Mkungu wa ndizi vilevile. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri, maana wazee wengi waliingia Kinyakyusa kila hadithi ilipopamba moto, na wageni rasmi mara nyingi hawakuwa wa huku.

Mzungumzaji tuliyemtegemea alikuwa mzee kutoka kijiji cha Kinyala aliyepelekwa Burma na Mwingereza katika vita ya pili ya dunia. Alikuwa mrefu, na medali yake aliifuta kwa kitambaa kabla ya kusimama. Hadithi yake niliijua yote: mto, ukungu, adui anatokea ng'ambo, bunduki inalia, adui anaanguka. Watu walipiga makofi palepale kila mara.

Siku ninayoikumbuka, mgeni rasmi alikuwa mfanyabiashara mwenye malori ya kupeleka ndizi na viazi Dar es Salaam. Sajini alimwandalia kiti chenye kitambaa. Mzee akasimulia, adui akaanguka, makofi yakapigwa. Tukaruhusu maswali.

Akasimama bibi mmoja kutoka Nkunga, amejifunga kanga mbili na kujitupia koti zito la mtumba. Aliuliza kwa Kinyakyusa, polepole, kama mtu aliyekwisha kulipanga swali lake njiani. Wenyeji wakamgeukia mzee. Mgeni rasmi akanigeukia, anasubiri.

Nikatafsiri kama lilivyo: "Anauliza, huyo uliyempiga, uso wake ulikuwaje?"

Nami nilitaka kujua.

Mzee alimtazama yule bibi. Akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akasema, "Nimechoka," akakaa. Mnada ulifanyika kinyonge, jogoo akapata mnunuzi mmoja tu, na mgeni rasmi akaaga kabla ya soda.

Sajini alinijia juu. "Mwalimu, ungeweza kuligeuza lile swali!"

"Ningeligeuza kuwa nini?"

Akageuka kwenda kukusanya viti. Nikamkimbilia yule bibi, nikampata barabarani akisubiri gari. Nikamsalimia, nikamwuliza kwa nini ameuliza vile.

"Mume wangu alikwenda huko, mwanangu," akasema. "Akarudi. Tumelima naye, tumezaa naye, mpaka nikamzika. Habari za vita hakunipa hata neno moja. Sasa nikisikia kuna mzee anayesema, nakuja kusikiliza."

Siku chache baadaye, mzee wa Kinyala alinifuata shuleni. Alikataa kiti, akasimama dirishani akiangalia watoto uwanjani.

"Yule mama aliniuliza uso," akasema. "Sina uso wa kumwambia. Sikumpiga mtu. Mimi nilikuwa mchunga nyumbu."

"Nyumbu, mzee?"

"Wa kubeba mizigo, mtoto wa punda na farasi. Risasi, unga, maji, kila kitu juu ya mgongo wa nyumbu. Na wale nyumbu, mwalimu, walikatwa sauti. Daktari wa wanyama aliwakata kooni, ili wasilie msituni adui akatusikia. Wangu alikuwa akinyoosha shingo, anafungua mdomo, mbavu zinatikisika, na hautoki mlio. Pumzi tu."

Nikamwuliza kwa nini hakuwahi kusema hayo.

"Nani angeacha shamba lake aje kumsikiliza mchunga nyumbu?"

"Mimi ningekuja," nikasema.

Sajini nilipomweleza alishika kiuno. "Haya ni makumbusho ya vita, si ya mifugo!" Lakini hakuwa na mzungumzaji mwingine, na masika yalikuwa yamekaribia. Akakubali shingo upande.

Safari hii hatukualika mgeni rasmi. Habari zilitembea zenyewe. Wakaja watu wa viwanda vya chai, wakulima, wanafunzi, wengine wakasimama nje madirishani. Mzee alisimulia bila kupaza sauti. Alieleza alivyojifunza kujua njaa ya nyumbu wake kwa namna masikio yalivyolala, na kiu kwa namna alivyokanyaga. Mtoto mmoja akaomba aonyeshe nyumbu alivyolia. Mzee akanyoosha shingo, akafungua mdomo, akatoa pumzi. Hakuna aliyecheka.

Bibi wa Nkunga alikuwa mbele. Akasimama.

"Mume wangu," akasema, nami nikatafsiri, "ng'ombe akilia zizini alitoka kwenda kusimama naye. Mimi nikisema mnyamazishe, watoto wamelala, ananiambia, mwache alie. Je, naye alikuwa na nyumbu?"

"Mama, sijui," mzee akamjibu. "Wengine walikuwa nao, wengine hapana. Kikosi chake alikuambia?"

"Hakuniambia."

"Basi sijui."

Bibi akaitikia kwa kichwa. "Ndaga fijo," akamshukuru, akakaa. Baada ya mkutano niliwaona wameketi benchi moja, kila mmoja na soda yake, wakiongea habari za ng'ombe.

Mkungu wa ndizi siku hiyo ulizunguka ukumbi mpaka ndizi zikaanza kupukutika. Watu wa kiwandani waliahidi mabati, wakayaleta, mengine mapya na mengine yenye matundu ya misumari ya zamani, tukayaziba kwa lami.

Siku tuliyomaliza kuezeka, sajini alikaa nami ndani, tukisikiliza mvua juu ya mabati. Yeye mwenyewe alikuwa amepigana vita ya Uganda, na katika mihadhara yetu yote hakuwahi kuigusa.

"Mwalimu," akasema, "nikisimama mimi, nianzie wapi?"

"Mlikuwa mnakula nini?" nikamwuliza.

Akacheka peke yake, akaanza kunieleza.