Ufa Katika Wimbo wa Nne

Niliikuta CD ya mwanangu inaning'inia shambani, katikati ya ulezi, inazunguka kwenye kamba ya katani na kumulika ndege. Kwetu Busunzu CD ikikataa kucheza haitupwi. Inapelekwa shambani itishe ndege, maana inawaka juani kama jicho la mtu mwenye hasira. Wifi yangu alikuwa amekusanya zote zilizokuwa zinakwama kwenye deki, hakuangalia kilichoandikwa juu, na ili kamba isiteleze akagongelea kijiti kwenye tundu la katikati.

"Ilikuwa inakwama, wifi," akaniambia.

"Hata wewe unakwama ukiongea. Mbona hatujakutundika?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekwisha kuuona ufa, mwembamba kama unywele, umetoka kwenye lile tundu na kuanza safari ya kwenda nje.

Mwanangu aliimba kwaya ya kanisa. Walirekodi Kasulu, na wimbo wa nne aliuongoza yeye peke yake, wenzake wakiitikia nyuma. Alikufa yeye, mtoto wake akiwa bado hajajua kukaa. Mwenye studio alihama na mashine zake, hakuaga mtu. Niliwapitia wanakwaya wote nyumba kwa nyumba nikitafuta nakala nyingine, na kila nyumba nikajibiwa hivyo hivyo: iliharibika, tukaipeleka shamba. Ikabaki hiyo yangu, yenye ufa.

Yule mtoto nimemlea mimi. Darasani alishika namba moja, na nalisema hili hata nisipoulizwa. Mwaka ule, kabla kambi ya wakimbizi ya Nduta haijafunguliwa tena, alichaguliwa kwenda sekondari Kasulu. Jioni moja tukipepeta maharage akaniambia, "Bibi, mimi sijawahi kumsikia mama vizuri. Nataka niende naye."

Nikamwambia utakwenda naye. Mimi nikisema nimesema. Lakini usiku ule usingizi haukuja vizuri.

Kibondo mjini kulikuwa na mama mmoja wa Tanga, mfanyabiashara, anajifunga ushungi vizuri na kukodisha filamu. Ndiye aliyekuwa anawatilia watu nyimbo kwenye simu. Tulikwenda asubuhi, mimi na mjukuu, CD nimeifunga kwenye khanga kama kitoto kichanga.

"Mwakeye, bibi," akanisalimu kwa Kiha chake cha kununua.

"Mwakeye. Nimeleta mgonjwa."

Akaishika CD kwa ncha za vidole, akaiinua kwenye taa. Mwanga ulipenya kwenye vitundu vidogo vidogo, kama bati la zamani. Kisha akavuta droo, akanionyesha vipande vinavyong'aa, vikali kama wembe.

"Hii nayo ilikuwa na ufa. Ilipasukia ndani ya kompyuta. Nilidhani bunduki, bibi. Nilijitupa chini ya meza na ushungi wangu."

Mjukuu akanishika mkono.

"Sasa nisikilize," yule mama akasema. "Ninazo programu mbili za kutoa nyimbo kwenye CD na kuziweka kwenye kompyuta. Hii ilikuja na mashine yenyewe. Inamaliza CD nzima kabla hujamaliza soda. Lakini inazungusha kwa nguvu, na ikifika mahali pabaya inabuni."

"Inabuni nini?"

"Sauti. Inatazama ya kabla na ya baada, inashona katikati. Ukisikiliza hujui kama palikuwa na tundu."

"Na ya pili?"

"Hiyo nilikwenda kuichukua Kasulu kwa flashi. Naiamuru izungushe polepole. Inasoma pale pale, inarudia, inalinganisha, mpaka iridhike. Ikishindwa inakwambia wazi imeshindwa. Ubaya wake itakaa na hiyo CD muda mrefu, na ufa nao utakaa unafanya kazi yake. Halafu umeme wetu unaujua."

"Kwa hiyo mmoja ni mwongo mwenye haraka, mwingine ni mkweli mwenye kuchosha."

"Umesema mwenyewe, bibi."

"Wote wawili nimewahi kuolewa nao. Weka mkweli. Na aanze na wimbo wa nne. Nyimbo nyingine zina watu hai, wataimba tena."

Mlango wa mashine ukaimeza CD. Ikaanza kunguruma, taratibu, kisha ikakwaruza, ikarudi nyuma, ikakwaruza tena pale pale. Nilisikia kama mtu anakuna ukuta kutoka upande wa pili. Taa ikafifia, sote tukainua macho, ikarudi. Ndani ya mashine kitu kikalia *tik*. Yule mama akarudisha kiti nyuma. Mjukuu nilimsogeza mgongoni kwangu bila kumwambia kwa nini.

Tik nyingine. Mstari kwenye kioo ulikuwa umesimama karibu na mwisho, hauendi.

"Hapo imeshindwa," akasema kwa sauti ya chini. "Kipande kidogo tu. Naweza kukimalizia na ile ya haraka, ikatushonea. Au niache kimya."

Nilimwangalia mjukuu. Macho yake yaliniambia nishone. Nikakataa.

"Acha kimya. Sitaki mashine imsingizie mwanangu."

CD ilipotoka, ufa ulikuwa umefika ukingoni. Yule mama hakuirudisha ndani, wala sikumwomba. Wimbo ukaingia kwenye simu yangu ndogo na kwenye memori kadi ya mjukuu.

Tulisikiliza njiani, tumekaa kwenye jiwe, simu katikati yetu. Sauti ikaja. Ni yeye. Mjukuu akaweka kiganja mdomoni. Ubeti wa kwanza, wa pili, akapanda juu pale alipokuwa anawaliza watu kanisani, na kabla hajashuka, kimya. Kisha wenzake wanaitikia, na yeye hayupo.

"Bibi," mjukuu akauliza, "hapo alishukaje?"

"Nakumbuka kila kitu cha mama yako," nikamwambia, maana nilikuwa najivunia hilo. "Alishuka hivi."

Nikafungua mdomo. Maneno yalikuwepo. Nikaimba, na iliyotoka ni sauti yangu, nzito, ya kizee. Nikajaribu tena, nikaanzia mbali zaidi, nikafumba macho. Ikatoka yangu tena. Mjukuu alikuwa ananitazama, anasubiri, simu imekwisha kunyamaza katikati yetu.